Dopamini ni neno kama "paa"

Saa mbili usiku dada yangu alinipigia simu. Hakusalimia.

"Kaka, njoo sasa hivi. Mtoto shingo imegeuka."

Nilimkuta mpwa wangu, binti wa miaka 17, ameketi mkekani sebuleni, kichwa kimevutika kushoto na kurudi nyuma, macho yamekwama yakitazama dari. Taya limekaza. Fahamu zake alikuwa nazo zote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana alijua kila kinachomtokea na alisikia kila kinachosemwa juu yake. "Mjomba, hairudi," alisema kwa tabu, ulimi mzito kama umevimba. Mama yetu alikuwa kando yake, chetezo kinafuka udi, anasoma Ayatul Kursiyy kwa sauti ya chini. Mlangoni majirani wawili walikwishakata shauri: binti kapandwa na kitu.

Niliuliza jambo moja tu. Leo amepewa dawa gani?

Dada alichakura mkoba akatoa karatasi. Asubuhi binti alikuwa na malaria na anatapika mfululizo, wakampeleka zahanati, akachomwa sindano ya kuzuia kutapika. Karatasi ilisomeka metoklopramidi. Hakuna aliyewaambia kwamba dawa hiyo, hasa kwa vijana na hasa kwa wasichana, inaweza kukaza misuli ya shingo, uso na macho ndani ya saa chache.

Hospitalini tabibu kijana alimtazama, akauliza swali lile lile nililouliza, akavuta difenhidramini kwenye bomba la sindano na kuiingiza polepole mshipani. Difenhidramini ni dawa ya mzio. Ndiyo ile inayotiwa kwenye baadhi ya dawa za kikohozi na kumpa mtu usingizi. Nilikuwa natazama saa ya ukutani. Kabla dakika 15 hazijatimia taya lililegea, macho yakashuka, kisha shingo ikarudi kidogo kidogo mpaka ikanyooka. Mpwa wangu aliishika kwa mikono miwili, akaipapasa, akaanza kulia upya.

## Mizani ya nini?

Tukirudi nyumbani kwenye bajaji mama aliniuliza: "Mwanangu, dawa ya kutapika inapindaje shingo? Na dawa ya mafua inainyooshaje?"

Mimi nafundisha famakolojia kwa wanafunzi wa stashahada. Swali hilo nalitunga kwenye mtihani karibu kila mwaka. Nikampa jibu la darasani: ya kwanza imezuia dopamini, ya pili imezuia asetilikolini, na kemikali hizo mbili katika ubongo ni kama mizani, upande mmoja ukishuka mwingine unapanda.

Alinyamaza mpaka tukapita kituo cha mafuta.

"Mizani ya nini?"

Sikuwa na cha kumjibu.

Wiki sita sasa swali hilo halijaniacha. Limenifuata darasani, limenifuata kwenye daladala. Kila nilipoandika ubaoni "D1 huwasha, D2 huzima", yaani vipokezi viwili vya dopamini, nilihisi nawadanganya wanafunzi, si kwa sababu sentensi ni ya uongo, ila kwa sababu inapita juu ya jambo zito bila kulifungua. Dopamini ni ile ile. Molekuli moja, umbo moja, imetoka kwenye nyuroni moja, yaani seli moja ya neva. Inawezekanaje iiambie seli hii "panda" na seli iliyobanana nayo iiambie "shuka"?

## Paa

Mtu akikuambia "paa" kisha akanyamaza, hujapata kitu. Paa amekimbilia kichakani. Paa linavuja. Ndege wanapaa. Binti anampaa samaki. Sauti haikubadilika hata chembe. Kilichokuambia kama utazame porini au utazame juu ya kichwa chako ni kile kiambishi kidogo kinachofuata, *a-* au *li-*, na wewe uliyekulia katika lugha hii hukifikirii hata kidogo.

Dopamini ni neno la namna hiyo.

Kipokezi chake ni protini iliyojishona mara saba kupita na kurudi kwenye utando wa seli. Nje kuna mfuko wa kudakia dopamini. Dopamini yenyewe haiingii ndani, na kipokezi hakitoki mahali pake. Anayechukua habari ndani ni protini G, iliyokaa chini ya utando ikiwa na vipande vitatu: alfa, beta na gama. Ikitulia, alfa huwa imeshika GDP, molekuli ndogo iliyo kama swichi iliyozimwa. Dopamini ikidakwa nje, upande wa ndani wa kipokezi hufunguka shimo. Mkia wa alfa huingia humo, mshiko wake wa GDP hulegea, na GTP, ndugu wa GDP mwenye fosfeti moja zaidi, ambayo imejaa tele ndani ya seli, huchukua nafasi na kuiwasha. Alfa hubanduka kutoka kwa beta na gama, na kila upande huenda na kazi yake. Baadaye alfa huikata GTP iliyoishika ikawa GDP tena, vipande vikarudiana, kikao kimekwisha.

Maana ya dopamini inategemea ni alfa ipi iliyokuwa inangoja pale chini. Ikiwa ni ya ukoo wa Gs, cAMP, molekuli inayosambaza habari ndani ya seli, hupanda na seli huwa tayari zaidi kufyatua msukumo wa umeme. Ikiwa ni ya ukoo wa Gi/o, cAMP hushuka. Ukoo wa Gq hauhangaiki na cAMP kabisa. Wenyewe huamsha kimeng'enya kinachopasua mafuta ya utando. Upo na ukoo wa nne, G12/13, ambao nauacha kwa leo.

Jeni za alfa kwa binadamu ni 16 tu. Vipokezi vya aina hii ni karibu 800, nusu yake vikiwa vya harufu. Ni kama *u-* yetu: mti *u*meanguka, ukuta *u*meanguka. Ngeli mbalimbali, kiambishi kile kile.

Kwa dopamini, mgawanyo huu uliwekwa wazi na John Kebabian na Donald Calne mwaka 1979: kuna kipokezi kinachopandisha cAMP, wakakiita D1, na kuna kisichopandisha, wakakiita D2. Leo tunajua viko vitano. D1 na D5 huitumia Gs na jamaa zake. D2, D3 na D4 huitumia Gi/o.

Metoklopramidi huziba D2. Iliziba ile ya kwenye eneo la ubongo linalochochea kutapika, na hilo ndilo zahanati ilikuwa inataka. Lakini haikuishia hapo. Iliingia mpaka striatamu, fundo lililo ndani kabisa ya ubongo ambamo mwendo wa mwili hupimwa kabla haujatoka, na huko nako ikaiziba D2.

## Sumu mbili tunazozijua majumbani

Hapa nilikaa siku nyingi kuliko kwingine kote.

Protini G huioni kwa macho, wala kwa darubini ya maabara ya chuo. Basi watu walijuaje kwamba kipokezi hiki kimeitumia Gi/o na si Gs? Nilipotafuta jibu nilikutana na majina ambayo sikuyatarajia katika habari za ubongo: kipindupindu na kifaduro.

Bakteria wa kipindupindu hutoa sumu inayobandika kipande cha kemikali kwenye alfa ya Gs, kwenye asidi amino ya 201 (asidi amino ni pingu za mnyororo wa protini). Kuanzia hapo alfa haiwezi tena kuikata GTP yake. Imewashwa na haizimiki. Ndani ya utumbo cAMP hupanda bila kikomo, milango ya kloraidi hufunguka, maji huifuata chumvi, na mtu mzima aliyekuwa mzima asubuhi hukauka macho yakadidimia kabla jua halijazama. Kila aliyewahi kubeba ndoo katika kambi ya kipindupindu ameiona Gs iliyokwama, hata kama hakuijua jina.

Kifaduro ni kinyume. Mwaka 1982 Toshiaki Katada na Michio Ui wa Japani walionyesha kwamba sumu ya bakteria wa kifaduro nayo hubandika kipande kama kile, ila kwenye protini nyingine. Protini hiyo ndiyo tuliyokuja kuiita Gi. Na mahali inapobandika ni pa ajabu: asidi amino ya nne kutoka mwisho wa mkia wa alfa. Alfa iliyobandikwa hapo haijafa. Inakaa pale pale chini ya utando imeshika GDP yake, lakini kipokezi hakiwezi tena kuiamsha. Ni kiziwi.

Hiyo ndiyo ikawa zana. Loweka nyuroni katika sumu ya kifaduro, kisha ipe dopamini. Jibu likipotea, lilikuwa linapita Gi/o. Jibu likibaki, tafuta Gs, tafuta Gq. (Kuna jamaa mmoja wa ukoo wa Gi, aitwaye Gz, ambaye hana ile asidi amino ya nne, kwa hiyo sumu haimgusi, amewahi kuwapotosha watu.) Jibu la D2 hupotea.

Niliyasoma haya wiki ya kliniki ya watoto. Nilipita pale uwanjani nikaona akina mama kwenye mabenchi, kadi mikononi, wakingoja sindano ya pentavalenti: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na Hib. Nilisimama kidogo. Sumu ile ile tunayowafundisha watoto wetu waipige ndiyo iliyotuambia jinsi ubongo wao unavyosikilizana.

## Herufi tatu

Bado swali la mama lilikuwa halijajibika, na langu pia. Kujua kwamba D2 *inaitumia* Gi si kujua *kwa nini* inaichagua. Chini ya utando wamepangana wote: Gs, Gi, Go, Gq. Wanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Kipokezi kinamtambuaje wake?

Mwaka 1993 Bruce Conklin, akiwa na Henry Bourne na wenzao huko San Francisco, walifanya jaribio ambalo nimelisoma mara tatu kwa mfululizo usiku mmoja. Waliichukua alfa ya Gq, mnyororo wa asidi amino 359. Wakabadilisha tatu tu, kwenye ncha ya mkia, wakaweka zile zilizoko kwenye Gi. Mwili wote uliobaki ni wa Gq, na kazi yake ni ya Gq. Kisha wakaijaribu na D2, kipokezi ambacho kwa kawaida hakina habari na Gq.

D2 ikaishika. Dopamini ileile, kipokezi kilekile, lakini sasa seli ikapasua mafuta ya utando kama ilivyoagizwa na Gq.

Herufi tatu katika 359. Na ziko mahali pale pale ambapo sumu ya kifaduro hubandika.

Nilifunga kompyuta nikaona nimemaliza. Nikaandaa na mchoro wa darasani: mkia ni ufunguo, kipokezi ni kufuli, kila kufuli na ufunguo wake. Niliuchora kwa rangi.

Mchoro ule nimeufuta.

## Kwa nini niliufuta

Mwaka 2011 maabara ya Brian Kobilka ilitoa picha ya kwanza ya kipokezi kikiwa kimeikumbatia Gs, atomu kwa atomu. Mwaka uliofuata Kobilka na Robert Lefkowitz wakapewa Nobeli ya kemia. Kipokezi kilikuwa cha adrenalini, beta 2. Katika picha ile nguzo ya sita ya kipokezi, kati ya zile saba zinazopita kwenye utando, imesogea nje kwa angstromu 14 (angstromu ni kipimo cha ukubwa wa atomu) ili mkia wa alfa upite. Ni kama mtu aliyevuta mguu wa kitanda kupisha sanduku. Baadaye, hasa mwaka 2018, zikaja picha za vipokezi vilivyoshika Gi na Go, na nguzo ile mara nyingi ilikuwa imesogea kidogo kuliko kwa Gs. Mkia wa Gs ni mnene zaidi pale nchani. Basi ikaonekana: shimo dogo ni la Gi, shimo kubwa ni la Gs.

Lakini shimo kubwa halimzuii mwembamba. Kipokezi kile kile cha beta 2, ambacho vitabu vyangu vinakiandika "Gs" na kuweka nukta, huweza kuishika Gi pia. Vipo vingine vingi vyenye tabia hiyo. Ufunguo unaofungua milango mitatu ya jirani bado ni ufunguo wa nyumba yangu?

Kilichonitoa kwenye mchoro wangu kabisa ni uchambuzi wa mwaka 2017 wa Tilman Flock na wenzake, waliolinganisha alfa zote 16 na vipokezi vyake. Upande wa protini G kuna alama za kudumu, zilizopangwa namna moja kwa kila ukoo na kutunzwa kwa mamilioni ya miaka. Upande wa vipokezi hakuna alama moja. Vipokezi viwili vya Gi visivyo na undugu wa karibu vinaisoma alama ile ile kwa vidole tofauti, kimoja kikigusa hapa, kingine pale. Kila kimoja kilijifunza kwa njia yake.

Hapo ndipo "paa" ilipoacha kuwa mfano wa kuwafurahisha wanafunzi tu. Hakuna kitu ndani ya mnyama paa kinachosema *a-*, wala ndani ya mabati kinachosema *li-*. Upatanisho umejengwa na matumizi, ngeli kwa ngeli, na kila ngeli ina njia yake ya kuufikia. Halafu ukivuka kwenda kijiji kingine unakuta wanaopatanisha vingine, na wanaelewana vizuri tu.

## Nani yumo ndani ya seli

Na kweli, nyuroni hubadilisha kijiji.

Miaka yote nimefundisha kwamba D1 huitumia Gs. Kwenye striatamu, mahali penyewe ambapo D1 ni nyingi kupindukia, Gs ni haba. Iliyojaa huko ni ndugu yake, Golf, ambayo mwaka 1989 David Jones na Randall Reed waliigundua puani, ikifanya kazi ya kunusa. Ndiyo asili ya jina lake: "olf" ni kifupi cha neno la Kiingereza la kunusa, olfactory. Panya waliozaliwa bila Golf hawanusi, na wengi hufa siku za mwanzo kwa kushindwa kunyonya. Protini ya pua imehamia kwenye kiini cha mwendo wa mwili, na D1 inaitumia hiyo kwa sababu ndiyo iliyopo.

Kwa hiyo kipokezi kinachagua, lakini kinachagua miongoni mwa waliomo.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipoinuka kitini. Mwaka 2013 iliripotiwa kwamba kasoro katika jeni ya Golf, iitwayo GNAL, husababisha distonia: misuli inayojikaza yenyewe na kuupinda mwili. Kwa wengi wa wagonjwa hao huanzia mahali pamoja.

Shingoni.

Mpwa wangu hana kasoro hiyo. Kwake kilichonyamazishwa kwa usiku mmoja ni upande wa D2 na Gi/o yake. Kwa watu wale upungufu ni wa Golf, maisha yote. Ni milango miwili tofauti kabisa. Lakini nilipoona neno shingo katika ile ripoti nilimwona amekaa mkekani, na nikaelewa mara ya kwanza kwamba ninachokifundisha kama herufi na mishale kina uzito wa kichwa cha mtoto.

Nirudi nyuma kidogo kwenye Gi/o, maana nimeionea. Nimekuwa nikiandika "D2 hupunguza cAMP" na kwenda mbele. Katika ubongo Go ndiyo protini G iliyo nyingi kuliko zote, na sehemu kubwa ya kazi yake ya haraka haifanywi na alfa. Hufanywa na wale wawili walioachwa nyuma, beta na gama. Kwa muda mrefu walionekana kama nanga tu ya kuishikilia alfa. Mwaka 1987 Diomedes Logothetis, David Clapham na wenzao waliwamwaga beta na gama safi kwenye kipande cha utando wa seli ya moyo, na mlango wa potasiamu ukafunguka. Watu walibisha miaka kadhaa. Beta na gama walikuwa sahihi. Ndio wanaofungua potasiamu, ndio wanaobana kalsiamu, na kwa njia hiyo D2 huizuia nyuroni kumwaga kemikali yake ndani ya sekunde, bila kungoja cAMP ishuke.

Katika striatamu zipo nyuroni kubwa, chache sana, asilimia 1 au 2 ya zote, ambazo kazi yao ni kumwaga asetilikolini. Hazilali, zinadondosha mchana na usiku. Zina D2, na dopamini kupitia D2 ndiyo inayozishika mkono zisizidishe.

Ziba D2, mkono umeachiwa.

## Witiri na shufwa

Asetilikolini nayo ni "paa". Vipokezi vyake vya muskarini viko vitano, na wanafunzi wangu wanavipenda kwa sababu vinakaririka: witiri, yaani M1, M3 na M5, huitumia Gq, shufwa, yaani M2 na M4, huitumia Gi/o. Mwaka 2019 picha za M1 ikiwa na G11, ndugu wa Gq, na M2 ikiwa na Go zilitolewa pamoja. Vipokezi viwili vinavyodaka kemikali moja, mifuko yao ya nje inafanana mno, tofauti zimejificha upande wa ndani ambako hakuna dawa ya kawaida inayofika.

Nyuroni za striatamu zinazotuma amri nje zimejaa M1. Asetilikolini ikizidi, M1 huamsha Gq, mafuta ya utando yaitwayo PIP2 hupasuliwa, na milango fulani ya potasiamu inayoyategemea mafuta hayo hujifunga. Milango hiyo David Brown na Paul Adams waliielezea mwaka 1980 katika nyuroni za chura. Ni breki ya nyuroni. Ikifungwa, kila msukumo mdogo unaoingia unafyatua. Na zile zilizo na M4 pamoja na D1 hupata kipigo cha upande wa pili: Gi/o ya M4 hushusha kile ambacho Golf ya D1 ilikuwa inapandisha.

Difenhidramini, pamoja na kazi yake ya mzio, huziba vipokezi vya muskarini. Dopamini haikurudishwa. Metoklopramidi ilikuwa bado imeikalia D2 wakati shingo inanyooka. Kilichofanyika ni kuzima sauti iliyokuwa imepandishwa na ukimya wa D2. Ndiyo maana tulirudi na vidonge vya benzheksoli, navyo huziba vipokezi vya muskarini, vya siku tatu, maana sindano huisha kabla dawa ya kwanza haijaondoka mwilini. Na ndiyo maana kwenye kliniki zetu za afya ya akili haloperidoli, inayoziba D2 kwa nguvu zaidi, huandikwa mara nyingi na benzheksoli pembeni.

## Nilimjibu mama

Jumapili iliyopita nilikwenda Tanga kwake. Muuza kahawa alikuwa amepita, tukakaa barazani na vikombe viwili na kashata kwenye karatasi. Nilimwambia mizani ni ya nini.

Nilianza na kikombe alichoshika. Katika striatamu, zile nyuroni za kutuma amri nje zilizo na D2 zina kipokezi kingine kando yake, A2A, cha adenosini, kemikali inayojikusanya ubongo ukichoka. A2A huitumia Golf. Kwa hiyo ndani ya seli moja adenosini inapandisha cAMP kwa Golf na dopamini inaishusha kwa Gi/o, wanavutana kamba. Kahawa huiziba A2A, na dopamini inapata ahueni bila kuongezwa hata tone. Dawa iliyojengwa juu ya mvutano huo, istradefilini, iliidhinishwa Japani mwaka 2013 na Marekani mwaka 2019, kwa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, pamoja na levodopa, dawa ambayo mwili huigeuza dopamini.

"Kwa hiyo kamba ni moja, wavutaji wengi," mama alisema.

Ndiyo, mama.

"Na ile sindano ilimfunga mikono mmoja."

Nilimwambia nisingeweza kulisema vizuri hivyo darasani. Nikamwambia pia kwamba tangu mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya inashauri metoklopramidi isitumike zaidi ya siku 5, na mtu mzima asizidi miligramu 30 kwa siku. Na kwamba hata dozi moja sahihi yaweza kufanya hivi kwa kijana, kwa hiyo sikusudii kumlaumu aliyechoma. Ninachodai ni sentensi moja iliyokosekana: shingo au macho yakikaza, rudini upesi, inatibika. Sekunde kumi za maneno. Binti asingekaa saa nzima akisikiliza watu wakimjadili mlangoni.

Mama aliuliza kama kusoma kwake kulikuwa bure. Nikamwambia binti mwenyewe alinieleza kwamba ile sauti yake ndiyo kitu pekee usiku ule ambacho hakikumtisha.

Jana mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti. Anataka kuandika jina la dawa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake la kliniki, kwa kalamu nyekundu, ili kila atakayelifungua alione kabla hajavuta sindano.

"Mjomba," anauliza, "naandika *klo* au *kilo*?"